Mashine ya Sukari Iliyomsalimia Mami

Jumatano, Thika. Baridi ya Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na jua sijaliona tangu Jumapili.

Wananchi wa Thika, Ruiru na vitongoji vyake vyote, simameni. Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo asubuhi, saa nne kasorobo, ndani ya kibanda changu cha kutengeneza mizani, neno `max` limekubali kufanya kazi. Bendera zipandishwe. Watoto wa shule wapewe nusu siku.

Hakuna aliyepiga makofi. Mteja pekee aliyekuwepo, mama muuza viazi kutoka Kiandutu, aliniuliza kama mizani yake iko tayari. Haikuwa tayari.

Kwa mgeni wa blogu hii: naitwa Karanja, nina miaka hamsini na miwili, fundi wa mizani. Tangu Januari, kila Jumamosi naenda Ruiru kujifunza kuandika programu, kwa sababu mizani za siku hizi zina akili kunishinda. Ukizifungua hukuti springi, unakuta kijibao cha kijani kinakutazama tu. Lugha tunayofundishwa inaitwa Rust, yaani kutu. Miaka ishirini na minne nimepigana na kutu kwa msasa na mafuta taa, na sasa nalipa karo ili niijue vizuri. Mke wangu hajamaliza kucheka.

Tangazo langu ni dogo, lakini lina mkia mrefu. Mkia wenyewe ni Mami.

Mami ni mama yangu mzazi. Ana miaka sabini na sita, anaishi peke yake Mugutha, kwenye nyumba ndogo ya mawe ambayo siku hizi imezingirwa na fleti pande tatu, kiasi kwamba kuku wake wanaona jua saa sita tu. Ana ugonjwa wa sukari. Kliniki ilimpa kimashine: kila asubuhi kabla ya chai anachoma kidole, anaweka tone la damu, kimashine kinaandika namba, naye anainakili kwenye daftari la mraba kwa mwandiko wa shule ya wamisheni.

Mwezi uliopita daktari alimwomba kitu kimoja. Jumanne ya kliniki aje na kipimo cha juu kabisa cha mwezi mzima. Kikiwa chini ya ishirini, ataendelea na vidonge. Kikizidi, wataanza kuzungumza habari za sindano za insulini.

Mami anaogopa sindano hizo kuliko anavyoogopa nyoka. Jirani yake alianza sindano mwezi wa pili, na mwezi wa tano tukamzika. Umweleze mara ngapi kwamba si sindano iliyomuua? "Sindano ni steji ya mwisho," anasema. "Ukifika hapo unashuka."

Kwa hiyo nilitaka namba iwe ndogo. Niliitaka sana. Kumbuka hilo, shajara, maana upumbavu wangu wote ulianzia hapo.

Sasa, mtu mwenye macho mawili angepitisha kidole kwenye daftari na kupata kipimo cha juu kabla chai haijapoa. Mimi je? Mimi ni msomi. Nililipiga picha daftari, nikaketi kibandani, nikaingiza siku zote kwenye kompyuta, moja moja, ili programu initafutie.

Siku tatu hazikuwa na namba. Mahali pa namba Mami alikuwa ameandika: "Imenisalimia."

Nikampigia simu. "Mami, hii 'imenisalimia' ni nini?"

"Si hii mashine. Niliweka damu, ikaniandikia Hi. Hi, vile watoto wako husema wakiingia hapa bila kubisha."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaijibu kwa Kikuyu, wĩ mwega. Nisiijibu, kwani mimi sikulelewa?"

Nilicheka hadi nikaangusha bisibisi. Nikaipeleka hadithi hiyo kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, wakacheka. Kaka yangu aliye Nakuru akaweka nyuso saba za kulia kwa kicheko. Nikaisimulia hata hapa kwenye blogu wiki jana, nanyi mkacheka. Asanteni.

Kisha nikarudi kwenye programu. Niliiambia: mstari wowote usiosomeka kama namba, weka NaN. NaN ni namba ambayo si namba. Ni kama kiti kilichoachwa wazi katika foleni, lakini kimeandikwa jina.

Nikaiomba `max`, na hapo ndipo tulipogombana.

Nieleze kidogo, nisikilize mwenyewe kama nimeelewa. Katika Rust, ukiwa na vitu vingi unavipanga foleni, halafu unaiagiza foleni kazi. Ukisema `count`, inahesabu, na haijali nani yumo. Kuhesabu vichwa hakuhitaji kumjua mtu. Ukisema `rev`, yaani nianzie nyuma, foleni lazima iwe ya aina inayoshikika mkiani, si kichwani peke yake. Na ukisema `max`, nitafutie mkubwa, basi kila aliyemo lazima awe na sifa inayoitwa Ord: atoke katika ukoo ambao ukichukua wawili wowote, unaweza kusema huyu mkubwa, huyu mdogo, au hawa wako sawa, na kesi ikaishia hapo.

Mwalimu wetu huita hayo masharti ya sifa. Kazi ipo kwenye orodha, jina lake unaliona, lakini si ya kila foleni.

Namba zenye nukta, kama 17.8, hazina sifa hiyo. Niliona ni matusi. Mimi nisijue kati ya 17.8 na 12.4 kipi kizito? Mimi, fundi wa mizani? Lakini katika ukoo wa namba zenye nukta amezaliwa huyo NaN. Ukiuliza kama ni mkubwa kuliko nane, jibu ni hapana. Ni mdogo? Hapana. Wako sawa? Hapana. Hata ukimweka mbele ya kioo anajikana. Kwa ajili yake, ukoo mzima umenyimwa `max`.

Kompaila, yule askari anayekagua programu kabla hajaiachilia, akaniandikia kwa wino mwekundu kwamba sharti halijatimizwa. Hiyo ilikuwa Jumatano ya wiki jana. Alhamisi nikarudi na maneno mengine, akakataa. Ijumaa nikabembeleza, akakataa.

Ijumaa hiyo hiyo nikapata mlango wa nyuma.

Unaitwa `fold`. Kazi hiyo haina sharti lolote kwa wanaosimama foleni. Inakuachia mikono yako mwenyewe. Nikaiambia: shika wa kwanza, mlinganishe na anayefuata, baki na mkubwa, endelea hadi mwisho. Na ile njia ya kulinganisha namba mbili zenye nukta ina tabia moja ya upole: ikikutana na NaN, inamruka kimya kimya na kukupa yule mwingine. Askari hakusema neno. Programu ikakimbia. Jibu likatoka.

17.8.

Chini ya ishirini! Nikaandika kwenye karatasi safi, nikapiga mstari chini kwa rula, nikampigia Mami. Alianza wimbo wa kanisani kwenye simu na hakuumaliza. Alisema koo limekauka. Nikamwambia ni baridi.

Niliandika hapa: usiniulize ni baridi gani hukausha koo. Nimefuta. Jiulize, Karanja.

Jumamosi nikaenda darasani na karatasi yangu mfukoni. Darasa letu liko ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Ruiru mjini, na harufu ya rangi hupanda ngazi pamoja nasi. Tuko sita. Mwalimu ni Wambui, ana miaka thelathini, umri wa kifungua mimba wangu. Yeye ananiita Mzee Karanja, mimi namwita Mwalimu, na sote wawili tunaona aibu kidogo.

Aliinama kwenye kompyuta yangu, akasoma.

"Mzee, umepita mlango wa nyuma."

"Wa mbele ulikuwa na askari, Mwalimu."

"Askari alikwambia nini?"

"Ati hawa hawawezi kulinganishwa."

"Kwa nini?"

"Ati huenda yumo NaN. Na hajaangalia hata! Anakataa tu kwa kuangalia ukoo."

"Ndiyo kazi yake. Hajui kama yumo, anajua anaweza kuwemo." Akavuta kiti, akaketi. "Na kwako yumo?"

"Wako watatu. Lakini hao si kitu. Ni mamangu na vichekesho vyake." Nikasimulia ile hadithi, kwa madoido, na sauti ya Mami juu yake. Darasa likaanguka kicheko. Wambui hakucheka.

"Mzee Karanja," akasema polepole, "mizani ya digitali ikiwekewa mzigo kupita uwezo wake, huandika nini?"

Jibu hilo nalijua nikiwa usingizini. Nimewapa wateja jibu hilo tangu nifungue kibanda. Wanakuja mbio na mizani kwapani wakisema fundi, imekufa, inaandika mistari tu, haitoi namba. Nikafungua kinywa nimjibu Mwalimu vile ninavyowajibu wao.

"Haijaharibika," nikasema. "Imezidiwa."

Imezidiwa.

Hilo ni neno tunalolitumia kwa mizani. Ni neno hilo hilo tunalolitumia kwa mgonjwa. Nililisikia likitoka kinywani mwangu likiwa la mizani, na lilipofika masikioni lilikuwa la mama yangu.

Wambui alikuwa amekwisha simama. Baba yake alikuwa na kimashine kama hicho. "Hiyo si salamu, Mzee. Ni herufi za kwanza za 'high', yaani juu, kwa Kiingereza. Inasema sukari imepita pale ninapoweza kupima. Leo ameamkaje?"

Sikujua ameamkaje. Nilikuwa na karatasi ya 17.8 mfukoni, sikuona haja ya kuuliza.

Boda iliyonipeleka Mugutha ilikuwa ya kijana mpole aliyeendesha pole pole kwa sababu ya tope, na nilimlaumu moyoni kwa kila shimo alilolikwepa. Nilimkuta Mami ameketi kwenye benchi la jikoni akiwa amejifunga mablanketi mawili. Mbele yake kulikuwa na jagi la maji, tupu. Kando, jagi la pili, nusu. Midomo ilikuwa imepasuka. Nani hunywa maji hivyo Julai?

"Baba," akasema. Mimi ni mwanawe wa pili, nimebeba jina la babake, kwa hiyo akifurahi ananiita hivyo. Maneno yalikuwa yanatoka kwa uvivu. "Umeniletea karatasi yangu ya kumi na saba?"

Nikaosha kidole chake, nikakikausha, nikachoma, nikaweka tone. Tukangoja pamoja tukikitazama kimashine.

Hi.

"Unaona?" akasema Mami. "Na wewe imekusalimia."

Hospitalini walimwekea maji kwa mshipa, chupa baada ya chupa, na insulini. Daktari mmoja wa kike, mpole lakini asiyepamba maneno, alitazama daftari la mraba, akapitisha kidole kwenye zile siku tatu, akaniuliza nani aliyekuwa akifuatilia. Nikasema ni mimi. Akasema, "Mmefika bado kuna wakati. Siku mbili zaidi, sijui." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine, nami nikabaki nimesimama pale na hizo siku mbili.

Jumapili jioni Mami aliuliza kama ameshuka steji ya mwisho. Nikamwambia bado gari linaenda. Jumatatu alipoletewa ile sindano ya kujidunga mwenyewe aliugeukia ukuta. Muuguzi hakubishana naye. Alimwekea tu ile sindano kiganjani, aitazame. Mami aliitazama muda mrefu, akaipima kwa kidole.

"Hii ndiyo nilikuwa naogopa?" akasema. "Mwiba wa ndimu una heshima kuliko hii."

Akajidunga tumboni, akauliza kama chai iko. Jana Jumanne, siku ambayo ingekuwa ya kliniki, tulimrudisha nyumbani. Mke wangu amehamia kwake wiki hii, na nasikia kila kuku amepewa jina lake.

Ndiyo maana leo asubuhi, badala ya kutengeneza mizani ya watu, niliirudia ile programu.

Safari hii sikutafuta mlango wa nyuma. Nilitengeneza ukoo mpya, nikauita Kipimo. Una watoto watatu, na nimewapanga kwa umri: Chini, kwa siku kimashine kikishindwa kwa sababu sukari ni kidogo mno, Namba, kwa siku za kawaida, na Zaidi, kwa siku kimashine kinapozidiwa. Nikaiomba Rust iupe ukoo huu sifa ya Ord kwa kufuata mpangilio huo. Ikaniuliza swali moja tu: na hicho kilichomo ndani ya Namba, kina sifa hiyo? Hakikuwa nayo, kilikuwa bado namba yenye nukta. Nikaing'oa nukta. Badala ya 17.8 nikaandika 178, yaani sehemu za kumi, kama tunavyofanya kwenye mizani za dhahabu. Basi. Hakuna NaN tena, hakuna kiti kilichoachwa wazi. Kila asubuhi ya Mami ina mahali pake kwenye foleni.

Nikaandika `max`. Askari akafungua lango bila neno.

Jibu la mwezi: Zaidi.

Hilo ndilo lililotokea saa nne kasorobo. Bendera mnaweza kuzishusha.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka kimya kimya, kama `fold`.

Kwenye kikundi cha familia, kaka yangu wa Nakuru aliandika Jumapili: "Programu ya Karanja imemwokoa Mami. Mungu ambariki na hiyo kutu yake." Watu ishirini wakaweka amina. Mimi nikaweka mikono miwili iliyoshikana kwa sala, nikakaa kimya. Siku tatu nimekaa na hiyo amina. Ni tamu, sitadanganya.

Ukweli ni huu. Programu yangu haikumwokoa mtu. Programu yangu ndiyo iliyozifuta zile siku tatu na kunipa namba niliyoitaka. Kompaila ilinikatalia mara tatu, kwa heshima, na kila mara ikinionyesha mahali pa kutazama. Nikaiona ni askari mkaidi. Mami alikuwa ameandika ukweli wote kwenye daftari la mraba, kwa mwandiko mzuri, na sisi wanawe tulimjibu kwa nyuso za kicheko. Aliyeuliza swali la maana ni Wambui. Na jibu lilikuwa langu tangu zamani, la kazi yangu mwenyewe, ila sikudhani linaweza kumhusu mama yangu.

Nimeyaandika hayo kwenye kikundi leo mchana, karibu kama nilivyoyaandika hapa. Kaka yangu hajajibu. Anaandika, anaacha, anaandika. Nadhani anazihesabu zile nyuso zake saba.

Kisha nikampigia Mami, nikamwambia na yeye. Nilimweleza kwamba kwenye ile karatasi ya kumi na saba nilikuwa nimeziondoa salamu zake zote tatu.

Nikasikia kuku.

"Uliziondoa?"

"Niliziondoa, Mami."

"Karanja." Si baba. Karanja. "Kitu kikikusalimia unakipita hivyo hivyo?"

"Nimekosa, Mami."

"Na ni wewe fundi wa mizani."

"Ni mimi."

Akacheka basi, kicheko chake cha zamani, chenye maji ndani yake, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Juni na sikuwa nimegundua kwamba sijakisikia. Akaniambia amejidunga asubuhi bila kusaidiwa, mke wangu ni shahidi, na kwamba amepima.

"Leo haikunisalimia," akasema. "Imeandika tisa nukta moja, ikazima. Hata kwaheri hakuna. Nafikiri imenuna."

"Iache inune, Mami."